Alamisho za Kaimu

Saa mbili kasoro dakika tano, kila siku ya kazi, Kaimu alifungua mlango wa masijala, akafungua dirisha, akapangusa kibodi kwa leso, akawasha kompyuta na kuisubiri. Iliwaka baada ya dakika nne. Katika dakika hizo alikunja mikono ya shati, mikunjo mitatu kila upande, na hakuzungumza na mtu.

Masijala hiyo ilikuwa ya idara ya vibali vya ujenzi. Mtu akitaka kujenga nyumba, ukuta au choo, alikuja hapo. Kibali kimoja kilihitaji fomu na taarifa kutoka tovuti kumi na nne: ya wizara, ya maji, ya umeme, ya zimamoto, ya wapima ardhi, na nyingine ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau. Tovuti hizo zilihamahama. Leo fomu iko hapa, kesho ukibonyeza unapelekwa kwenye picha ya waziri akikata utepe. Kaimu ndiye pekee aliyejua kila kitu kimehamia wapi, kwa sababu kila alipokipata alikiwekea alamisho, alama ya kurudia ukurasa, kwenye kivinjari chake. Alikuwa nazo elfu moja mia tatu na kumi na mbili.

Hakuziacha na majina ya kurasa zenyewe. Alizipa majina aliyoona yanafaa. "Fomu saba, ile ya kweli." "Huyu hajibu Ijumaa." "Maji, mlango wa nyuma." "Bonyeza mara moja, subiri, usitukane." Mtu mwingine akizisoma alitoka kapa. Ndiyo maana kutwa nzima ofisi ilimwita.

"Kaimu! Ile ya zimamoto iko wapi?"

"Nakuja."

"Kaimu! Hii yangu inaniletea waziri tena!"

"Usiguse. Nakuja."

Alikuwa akikaimu nafasi ya Mkuu wa Masijala kwa miaka kumi na moja. Aliwekwa hapo kwa wiki mbili, mkuu wa zamani alipostaafu, kisha wakamsahau. Cheo kikageuka jina. Kadi za harusi ya binti yake zilipochapwa, ziliandikwa "Bwana na Bibi Kaimu". Mkewe aliigeuza kadi mbele na nyuma, akasema, "Basi sawa. Kumbe hata mimi nakaimu."

Kaimu alitaka kitu kimoja: barua ya kumthibitisha kazini. Alishaiona ya mtu mwingine. Ilikuwa na mistari mitatu na muhuri. Hakuona kwa nini mistari mitatu ichukue miaka kumi na moja.

Siku moja Mkurugenzi alimwita ofisini kwake, akamwambia nafasi hiyo inatangazwa na usaili utafanyika baada ya mwezi.

"Sasa sikiliza, mzee wangu," Mkurugenzi alisema. "Wewe tunakujua. Tatizo ni moja. Siku ukiugua, idara nzima inaugua. Alamisho zote ziko kwenye kompyuta yako. Kila mtu hapa ana kivinjari chake na kila mtu anakiapia. Gawa hizo alamisho zifike kwa wote. Kamati ikiona mambo yanakwenda bila wewe kukimbia kwenye korido, utakuwa umejisaidia sana."

"Nikizigawa zote, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na cheo."

Kaimu aliona ni biashara nzuri, akamwita fundi wa kompyuta.

Fundi alikuwa kijana mwenye haraka. Alizihamisha alamisho zote kutoka kivinjari cha Kaimu zikawa faili moja, akalitia kwenye flashi. Kabla ya kuhifadhi, kompyuta ilimwonyesha orodha ya visanduku vya kuwekea tiki. Jumuisha folda. Jumuisha majina. Jumuisha picha ndogo. Jumuisha mwenye nazo. Fundi alikuwa na desturi ya kuweka tiki kila mahali, maana alishawahi kuacha kimoja akarudishwa kazini siku ya sikukuu. Akaweka tiki zote, akapita meza kwa meza akiliingiza faili kwenye kila kivinjari, akaaga.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na Kaimu sita.

Wa kwanza alikuwa masijala, akikunja mikono ya shati. Mmoja alikaa kwa Mkurugenzi, mmoja kwa katibu muhtasi, mmoja kwa mkaguzi wa majengo, na wawili kwa mpima ardhi. Kila mmoja alikuwa kando ya kompyuta, mgongo wima, kidole tayari. Katibu muhtasi aliwahesabu, akahesabu viti, akapiga simu stoo.

"Nina upungufu wa viti vitano," alisema. "Hapana, siyo wageni. Ni Kaimu."

Stoo walijibu kwamba viti hutolewa kwa mtumishi mwenye namba ya ajira, na Kaimu ana namba moja. Wakaletewa masanduku ya karatasi za printa, wakakalia hayo.

Ilibainika mapema kwamba hawakufanana kwa kila kitu, na sababu ilikuwa vivinjari. Cha katibu muhtasi hakikupokea picha ndogo, kwa hiyo Kaimu wake alikuja bila masharubu. Cha mkaguzi kilizipanga alamisho zote kwa alfabeti, na Kaimu wake alikumbuka mambo kwa mpangilio huo huo. Ukimuuliza habari za zimamoto alianzia kwenye anwani, akapitia barabara, choo, dari, na kuendelea. Mkaguzi alijifunza kumuuliza, kisha kwenda kunywa chai. Kwa mpima ardhi fundi aliliingiza faili mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alidhani halijaingia. Wale wawili walijibu kila swali mara mbili.

"Mmoja wenu aondoke," mpima ardhi aliwaambia.

"Yeye ndiye nakala," walisema wote wawili.

"Mungu wangu, mna kazi."

"Tunayo. Fomu saba umeshaijaza?"

"Fomu saba umeshaijaza?"

Kaimu wa masijala alipita meza zote siku hiyo, akawasalimia. Walisalimiana kwa adabu, kama watu waliosoma shule moja. Aliwasikiliza wakitoa maelekezo na hakukuta kosa. Alirudi kwenye kiti chake saa nne, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja akanywa chai ikiwa bado ya moto.

Jioni mkewe alisema na yeye anataka alamisho kwenye simu yake, kwa sababu kila mara akitafuta ratiba ya kliniki ya presha anapotea. Fundi alikuja nyumbani akamwekea kutoka kwenye flashi ile ile. Kivinjari cha simu kilikuwa kidogo, na Kaimu aliyetoka alikuwa na kimo cha chupa ya chai. Alisimama juu ya meza ya jikoni, akamtajia mke siku ya kliniki na jina la daktari asiyefoka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaanza kufuta vijiko.

"Unamwona mwenzio?" mke alimwambia mumewe.

"Yule hana safari ya kutoka kazini."

"Hana na visingizio. Mwache hapo hapo."

Vibali vilivyokuwa vikichukua siku arobaini sasa vilichukua siku tatu. Mama mmoja aliyekuwa ameomba kibali cha choo tangu mjukuu wake yuko tumboni alikipata mjukuu akiwa ameanza kukimbia, na alikipata kwa yule Kaimu asiye na masharubu. Alimshukuru, akamwambia anaonekana kijana kuliko zamani. Mkurugenzi alialikwa kwenye mkutano akaeleze siri ya mafanikio. Alieleza kwa muda wa saa nzima, kuhusu uongozi.

Kazi ya fundi ilibaki moja. Ukurasa ukihama, Kaimu mmoja alibadilisha alamisho yake, lakini wengine walibaki na ile ya zamani, wakawa wanabishana mbele ya wateja. Fundi akawasha usawazishaji. Tangu hapo, alichoongeza mmoja kilionekana kwa wote, na alichofuta mmoja kilifutika kwa wote.

Walielewa maana yake Jumapili. Ijumaa mpima ardhi, akipunguza msongamano kwenye skrini yake, alikuta alamisho iitwayo "Kwa mama mkwe, pita kushoto", iliyokuwa ramani, akaona haihusiani na ujenzi, akaifuta. Jumapili Kaimu na mkewe walitoka kwenda kumsalimia mama mkwe, kilo mbili za sukari mkononi. Walipofika njia panda Kaimu akasimama. Hakujua waende wapi. Alikuwa amepita hapo miaka ishirini na sita.

"Usinitanie," mke alisema.

"Sijui kabisa. Imetoka."

"Mama yangu ndiye ametoka kichwani mwako?"

"Mama yuko. Njia ndiyo imetoka."

Mke alicheka hadi akashika ukuta wa watu. Kisha akamshika mkono, akamwongoza kama bwana harusi. Jumatatu mpima ardhi aliomba radhi kwa Kaimu wote sita, na wawili wa kwake wakasema haina shida, haina shida. Lakini ilieleweka. Alamisho ikifutwa popote, inafutika kwa Kaimu wote, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzijua anwani zile, inakuwa imetoka duniani.

Usaili ulifanyika Jumatano, ofisini kwa Mkurugenzi. Kamati ilikuwa ya watu watatu, Mkurugenzi akiwa mmoja wao. Mwenyekiti wake alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye nywele. Waombaji walikuwa wawili tu: Kaimu, aliyevaa suti ya harusi ya bintiye, na kijana mmoja mpole aliyeshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kijana aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji.

Kijana aliingia kwanza, akakaa dakika kumi. Kaimu akaingia. Kando ya kompyuta ya Mkurugenzi, juu ya sanduku la karatasi, alikaa yule Kaimu wa Mkurugenzi, tayari kwa lolote kamati itakalohitaji. Walitikisiana vichwa.

Walimuuliza hatua za kibali. Alizisema zote kumi na tisa, na kila hatua akataja mahali inapokwama na namna ya kuikwamua. Walimuuliza angefanya nini tovuti ya wizara ikizimika. Alisema huzimika kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na kwamba yeye huchukua fomu za wiki nzima Jumatano. Mjumbe mmoja aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

"Mimi naona tunazungushana bure," mjumbe huyo alisema. "Huyu bwana ndiye idara yenyewe."

"Hata mimi naona hivyo," mwenyekiti alisema. "Ila nina jambo dogo. Tangazo letu linasema mwombaji awe na elimu inayofaa. Inayofaa ni ipi? Pana kanuni mahali. Nilishawahi kuisoma, miaka hiyo."

"Itakuwa kwenye tovuti," alisema Mkurugenzi.

"Tovuti gani?"

Mkurugenzi hakujua. Wote watatu wakageuka kumtazama Kaimu aliyekaa juu ya sanduku.

Kanuni hiyo ilikuwa na alamisho. Kaimu aliipata siku ya pili ya kukaimu, alipokuwa akitafuta kitu kingine. Wizara ilishaondoa kila kiungo kinachoelekea huko, na ukurasa ulibaki peke yake, haufikiki ila kwa anwani yenyewe, ambayo ilikuwa ndefu kama mkanda. Aliuwekea alamisho, akaipa jina "Hii usifungue", na hakuifungua tena.

Kaimu wa juu ya sanduku aliweka kidole kwenye kipanya, hakubonyeza. Alimtazama mwenzake.

Kaimu wa kwenye kiti alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Alamisho alishazisawazisha na simu yake pia, bila faili la flashi, kwa hiyo humo hakutoka Kaimu mwingine. Zilikuwa zote humo. Aliishika chini ya meza, akateremsha orodha kwa kidole gumba mpaka akaifikia. Kubonyeza na kushikilia, kisha kufuta. Sekunde mbili. Kanuni ingetoka kwake, kwa yule wa juu ya sanduku, kwa wote. Kamati ingetafuta wee, ingechoka, ingesema elimu yake ya darasa la saba inafaa, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kusema haifai. Na yeye mwenyewe asingejua kwamba alifuta. Angetoka humo mtu safi.

Alifikiri. Katika miaka kumi na moja tovuti zilipoteza fomu, wizara ilipoteza kanuni, idara ilipoteza hata barua za watumishi wake. Yeye hakupoteza ukurasa hata mmoja. Hilo ndilo jambo alilotaka kuthibitishwa kwalo. Akiufuta huu, watakuwa wamemthibitisha mtu mwingine.

Akazima simu, akairudisha mfukoni.

"Fungua," alimwambia mwenzake. "Ni kazi."

Kaimu wa juu ya sanduku alifungua, akasoma kwa sauti, wazi, bila kurukaruka, kama alivyowasomea wateja. Mkuu wa Masijala awe na stashahada isiyopungua miaka miwili. Uzoefu, hata uwe wa muda gani, hautahesabiwa badala ya cheti. Alipomaliza akauliza kama wangependa nakala ya karatasi.

"Tatu," alisema mwenyekiti.

Printa ilitoa tatu.

"Yaani sekunde ngapi hizo?" mwenyekiti aliwauliza wenzake, akivua miwani ya machoni. "Ningetafuta mimi ingekuwa wiki. Kaimu, kwa kweli, hongera sana. Nyote wawili."

Walisema asante. Yule mjumbe aliyeacha kuandika akachukua kalamu yake, akaandika.

Nyumbani mke alimuuliza usaili ulikwendaje.

"Nilifanya vizuri mno," alisema. "Nilijiangusha mwenyewe."

Mke alimwekea chakula, akamwondoa yule wa simu mezani, akamweka kwenye rafu ili mumewe ale peke yake.

Kijana mwenye stashahada alianza kazi tarehe moja. Alikuwa na adabu, alimwita Kaimu "mzee", na siku ya kwanza aliomba aonyeshwe kila kitu. Alipenda kivinjari cha kijani, ambacho hapo ofisini hapakuwa na mtu mwingine anayekitumia. Fundi alikuja na flashi yake, akaliingiza faili lile lile, akaweka tiki. Asubuhi yake Mkuu mpya alimkuta Kaimu wa saba kando ya meza yake, amekaa wima.

"Karibu, mzee," alisema. "Tuanzie wapi?"

"Kwanza washa printa," alisema Kaimu.

Mambo yalikwenda vizuri kwa wiki sita. Wiki ya saba Mkuu alipata nafasi ya kusomea shahada, miaka mitatu, kwa kibali cha idara, na kanuni ilisema nafasi yake isubiri. Aliwaaga wote, akampa mkono kila Kaimu, wale wawili wa mpima ardhi kila mmoja peke yake. Kesho yake ikaja barua. Ilikuwa na mistari mitatu na muhuri. Ilimteua Kaimu kukaimu nafasi ya Mkuu wa Masijala.

Barua ilifika jioni, Kaimu akiwa ameshatoka, katibu akamtumia picha yake, na aliisoma nyumbani, kwenye simu. Aliisoma mara mbili. Kisha alichukua karatasi, akaandika kwamba anashukuru, ila hataki, na watafute mwenye cheti. Aliandika kwa mkono, herufi kubwa. Mke alisahihisha neno moja.

"Umeandika 'tafadhali'," alisema. "Lifute."

Akalifuta. Akalala usingizi mzuri.

Asubuhi alifika saa mbili kasoro dakika tano, karatasi mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa katibu muhtasi. Katibu alimwambia jibu limeshapokelewa.

"Jibu gani?"

"La barua. Mmekubali. Nimeshaligonga muhuri."

Alimwonyesha. Lilikuwa limechapwa vizuri, bila kosa, na kuwekwa sahihi sita, zote zake. Wenzake wa ofisini walikuwa wameliandika alfajiri, kabla ofisi haijafunguliwa, kwa kuwa wao hawana pa kwenda. Lilisema wanapokea uteuzi huo kwa furaha na wana imani utakuwa wa muda mfupi, kwani uthibitisho uko njiani.

Kaimu alilisoma lote amesimama. Faili la flashi lilitengenezwa mwezi mmoja kabla ya usaili. Usawazishaji ulikuwa ukiwapelekea kila kitu kipya tangu siku ile, kurasa, anwani, fomu. Lakini ulibeba kurasa tu. Mengine yote waliyokuwa nayo yalibaki kama yalivyokuwa siku fundi alipoweka tiki, na siku ile Kaimu alikuwa mtu mwenye matumaini makubwa.

Aliwatazama kupitia kioo cha mlango. Walikuwa wamekaa wima, kidole tayari. Yule asiye na masharubu alimpungia mkono.

"Kwani wewe ulikuwa na jibu lingine?" katibu aliuliza.

"Nilikuwa nalo."

"Lilete. Ila nitauliza lisajiliwe kwa namba gani, maana namba yako imeshatumika."

Kaimu aliliacha mfukoni. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi mzee mmoja na ramani ya ukuta, iliyochorwa kwa penseli nyuma ya kalenda.

"Samahani," mzee aliuliza, "Kaimu ndiye nani hapa?"

Vichwa sita viliinuka, cha saba, chake mwenyewe, kikafuata.

"Karibu, mzee," alisema huyo mwenye karatasi mfukoni, akimvutia kiti. "Ukuta una urefu gani?"